Kibali Kwanza, Bunduki Baadaye

Mwaka 2023 watu zaidi ya 46,000 walikufa kwa risasi katika Marekani. Hapakuwa na vita ndani ya mipaka ya nchi hiyo, wala hakuna adui aliyeivamia. Watu hao walikufa majumbani, barabarani, madukani, mashuleni na mahali pa kazi. Na zaidi ya nusu yao walijiua kwa mikono yao wenyewe.

Wako wasemao kwamba hayo ndiyo majaliwa ya taifa lenye bunduki nyingi kuliko watu, na kwamba Katiba yao, kwa Marekebisho ya Pili ya mwaka 1791, imekwisha kulifunga jambo hilo. Sisi hatukubali. Hoja hiyo inavunjwa na Wamarekani wenyewe, maana nchi yao ina majimbo 50, na kila jimbo lina Bunge lake, Gavana wake na sheria zake za silaha. Basi na tutazame matokeo. Mwaka huo wa 2023, katika jimbo la Mississippi, walikufa kwa bunduki watu kama 29 katika kila wakazi 100,000. Katika jimbo la Massachusetts, ambako mtu hawezi kumiliki bunduki mpaka apate leseni kwa mkuu wa polisi wa mji wake, hawakufika 4. Bendera ni moja na Katiba ni moja, lakini idadi ya makaburi hailingani.

Twaweza kuambiwa kwamba Mississippi ni jimbo maskini na Massachusetts ni tajiri. Ni kweli, na umaskini una sehemu yake katika msiba huu. Lakini yafaa tulinganishe jimbo na hali yake lenyewe, kabla na baada ya sheria. Mwaka 1995 Connecticut ilianza kutumia sheria kwamba anayetaka kununua bastola hana budi kwanza kupata mafunzo, kuchukuliwa alama za vidole na kuchunguzwa, ndipo apewe kibali. Missouri nayo ilikuwa na sheria ya kibali kwa miaka mingi, ikaifuta mwaka 2007. Uchunguzi wa wataalamu wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, uliotolewa mwaka 2020, ulikadiria kwamba mauaji ya bunduki katika Connecticut yalipungua kwa zaidi ya robo kuliko ambavyo yangekuwa bila ya sheria ile. Katika Missouri, baada ya sheria kufutwa, yaliongezeka kwa karibu nusu.

Sababu haihitaji elimu kubwa kuifahamu. Anayemnunulia mhalifu silaha huogopa kusimama mbele ya askari na kuacha alama za vidole vyake. Na yule aliyejawa na ghadhabu au huzuni hupata siku za kutulia. Wazee wetu walisema hasira hasara. Wengi waliojaribu kujiua kwa njia nyingine waliokolewa, wakaishi. Lakini katika kila watu 10 wanaojipiga risasi, karibu 9 hufa.

Wafanyakazi wanayo haki ya kulitazama jambo hili kuwa ni lao. Machi 1998, mfanyakazi wa ofisi ya bahati nasibu ya jimbo la Connecticut aliwaua wakubwa wake 4 kazini, kisha akajiua. Mwaka uliofuata jimbo hilo lilitunga sheria iliyowapa polisi uwezo wa kuomba amri ya hakimu, ili bunduki za mtu aliye hatari kwa nafsi yake au kwa wenzake zichukuliwe kwa muda, naye apewe nafasi ya kusikilizwa mahakamani. Florida ilifuata mwaka 2018, baada ya watu 17 kuuawa katika shule moja mjini Parkland, na Bunge lililopitisha sheria hiyo lilikuwa chini ya chama cha Republican. Leo majimbo zaidi ya 20 yana sheria ya namna hiyo.

Lakini mpaka wa jimbo si ukuta. Bunduki nyingi zinazokamatwa katika uhalifu New York zilinunuliwa kwanza katika majimbo mengine yenye sheria hafifu, zikasafirishwa kwa magari kwenda kaskazini. Kwa hiyo jimbo linalolegeza sheria zake huwaua pia watoto wa jirani. Na zaidi ya nusu ya majimbo sasa huruhusu mtu kubeba bastola iliyofichwa bila kibali chochote!

Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliyabana majimbo mwaka 2022, ilipoitangua sheria ya New York juu ya kubeba silaha hadharani. Hata hivyo, mwaka 2024 Mahakama hiyo hiyo ilikubali kwamba mtu aliyethibitika mahakamani kuwa tishio kwa mkewe au mwenzake aweza kunyang'anywa silaha. Njia haijazibwa. Wabunge wa majimbo hawana tena udhuru wa kusema kwamba hawajui la kufanya, maana jirani zao wamekwisha kulifanya na hesabu iko mezani.

Asiyeziba ufa atajenga ukuta. Majimbo yaliyofuta kibali yakirudishe, na yasiyokuwa nacho yakitunge, kabla hesabu ya mwaka mwingine haijafungwa.