Banda Lisilo na Farasi

Huko Wentworth, kaskazini mwa Uingereza, lipo banda la farasi lililosanifiwa na John Carr katika karne ya 18, lenye nafasi ya farasi 84. Farasi walipoondoka, chuo kililitumia. Chuo nacho kilipohama mwaka 1988, uchakavu ukalivamia. Tangu 2017 shirika la hisani linalimiliki pamoja na jumba kuu, nalo limeazimia kulihuisha. Twalipongeza. Lakini jengo haliokolewi na chokaa pekee. Huokolewa na watu wanaoingia humo kila siku. Utajiri wa jumba lile ulitokana kwa sehemu kubwa na jasho la wachimba makaa ya mawe. Basi wajukuu wao wapate humo ufundi na ajira, wasibaki watazamaji wa harusi za matajiri. Tutafakari.