Weka Koleo Chini Kwanza

Sikizeni. Senge yangu anauza viazi Chwele. Ako na mapengo matatu upande wa kulia, na meno yote matatu yalikuwa mazima. Moja liling'olewa Bungoma, mawili Kitale. Kila mara alilipa, na kila mara ganzi ikiisha maumivu yanarudi palepale. Kitale walikuwa tayari kutoa la nne.

Nina hasira na sitaificha.

Yale maumivu hayakuwa ya jino. Yanapiga kama stima, sekunde chache, yanaacha, yanapiga tena. Upande mmoja tu. Akipiga mswaki, akitafuna, akiguswa shavu, hata upepo wa baridi wa asubuhi. Alikuwa anakaa kimya siku nzima kwa sababu kuongea pia kunayaamsha. Majirani wakasema amerogwa.

Hiyo kitu iko na jina: nyuralgia ya trijemina. Trijemina ni neva inayobeba hisia za uso, na mara nyingi mshipa wa damu umeigandamiza karibu na ubongo. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, sijifanyi daktari. Lakini kama nimeielewa na bando ya shilingi hamsini, mtu wa koti jeupe ako na kisingizio gani?

Nitawaambia kisingizio. Kung'oa ni dakika chache na pesa mkononi. Kuuliza "yanakaa muda gani, na nini huyaamsha?" hakuna anayelipwa. Ndio, meno huoza, na eksirei lazima ipigwe. Lakini eksirei ikionyesha jino zima, weka koleo chini!

Juzi tukiwa kikao cha familia baba mdogo akasema, "Hayo ni magonjwa ya watu wa Nairobi, mnataka kumpasua kichwa." Hapana. Hatua ya kwanza ni tembe: kabamazepini, wengi wanaijua kama Tegretol, dawa ileile ya kifafa. Ni ya zamani na haijaja na ndege jana. Inataka daktari na kupimwa damu, so usijinunulie tu dukani. Senge alianza kuimeza na wiki hiyo akakula ugali. Ugali, wasee. Mama alilia jikoni.

Sasa dozi imepanda na kizunguzungu kimemwangusha sokoni mara mbili. Hapa ndipo watu wetu huachwa wajipange. Wanadhani imebaki kupasuliwa ama kuvumilia, na hakuna anayewaambia kuna njia ya katikati. Daktari anapitisha sindano ndefu shavuni, akiiongoza kwa eksirei hadi kwa neva. Halafu anaichoma kwa joto, ama anaweka gliseroli, ama anajaza puto dogo liibane kwa muda mfupi. Fuvu halifunguliwi. Bei yake ni uso kuwa na ganzi kiasi, na maumivu yanaweza kurudi baada ya miaka. Kuna pia mionzi: ile mashine ya CyberKnife iko hapa Kenya, hospitali ya rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ingawa mionzi huchukua wiki ama miezi kutuliza. Na kwa mwenye nguvu ya kustahimili, upasuaji wa nyuma ya sikio wa kutenganisha mshipa na neva ndio hudumu zaidi. Senge ndiye wa kuchagua, sio baba mdogo, sio mimi. Lakini utachagua aje kitu hujawahi kuambiwa kipo?

SHA ilipochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024 tulijazwa ahadi. Sawa. Bandikeni kwa ukuta wa kila kliniki ya meno, kwa Kiswahili na kwa Kibukusu, dalili hizi na mahali pa kutumwa. Karatasi moja tu. Gavana akitaka kuja kuikatia utepe, aje.

Jumanne tunapanda matatu ya Eldoret kumwona daktari wa neva. Senge amesema anataka kiti cha katikati, mbali na dirisha, na leso ya kufunika shavu.