Nge Anapojivua Gamba

Kijana wetu hapa Iringa alifuga nge mchanga katika debe. Juma lililopita alimkuta amekufa, amekwama nusu ndani ya gamba kuukuu. Kosa lilikuwa letu: ukavu. Nge hawezi kukua bila kujivua gamba, na hewa ya kiangazi ikimkausha, gamba hung'ang'ania mwilini. Yafaa udongo wa upande mmoja wa debe uwe na unyevu, na kisahani cha maji kisikosekane. Akiisha kujivua huwa laini kwa siku kadhaa. Asiguswe, na panzi aliye hai aondolewe asije akamjeruhi. Walio Mbeya wakumbuke kwamba baridi ya Juni humzubaisha. Asidhaniwe amekufa akatupwa. Kijana ameomba mwingine. Mama yake bado hajajibu.