USUMBUFU HAUJITOKEZI WENYEWE

Ni machache maneno yaliyozoeleka katika matangazo ya ofisi kama haya: "Tunaomba radhi kwa usumbufu uliojitokeza." Hubandikwa mlangoni maji yanapokatika, umeme unapozimika, au mhusika anapokuwa safarini. Ni maneno ya adabu, na adabu ni jambo jema. Lakini yafaa yapimwe, maana mzigo unaotajwa hapo mara nyingi ni mdogo kuliko ule anaoubeba mwananchi.

"Usumbufu" huo ni tafsiri ya neno la Kiingereza "inconvenience". Zamani neno hilo lilikuwa zito. Lilimaanisha madhara, hata msiba. Karne zilivyopita likapungua uzito, mpaka likabaki kutaja jambo dogo linalomtoa mtu katika raha yake kwa kitambo. Kiswahili hakina upungufu wa maneno hapa. Kuna udhia, kuna kero inayorudi kila siku, kuna adha, kuna taabu, na kuna hasara inayohesabika kwa fedha. Tangazo la ofisi huyaacha yote hayo, likashika moja tu, tena lililo jepesi.

Chukua mfano wa nyanda za juu za Kigoma. Kwa miaka mingi barabara kati ya Kibondo na Kasulu ilikuwa ya udongo, na mvua zilipokolea magari yalikwama katika tope. Mwalimu wa kijijini aliyefunga safari kwenda makao makuu ya wilaya kufuatilia malimbikizo ya mshahara wake, akalala njiani, akafika na kuambiwa kwamba jalada halionekani, arudi wiki ijayo, hakupata usumbufu. Alipoteza nauli na fedha ya chakula, na wanafunzi wake walipoteza masomo ya siku tatu. Hiyo ni hasara, na iitwe hasara.

Hapana shaka hali imebadilika. Mwaka 2022 wilaya hizo, zilizokuwa zikitegemea majenereta ya dizeli, ziliunganishwa na gridi ya Taifa, na ujenzi wa lami katika barabara ya Kabingo hadi Manyovu, ipitayo Kibondo na Kasulu, umepunguza adha ya safari. Maendeleo hayo yameondoa kisingizio. Jalada likipotea leo, tope halina hatia.

Kosa la pili limo katika neno "uliojitokeza". Walimu wa sarufi wanalielewa vema. Katika sentensi hiyo mtenda ni usumbufu wenyewe, umechipuka kama uyoga baada ya mvua. Karani hayumo, wala mkuu wake hayumo. Radhi inaombwa, lakini mkosaji hatajwi. Na palipo na kosa lisilo na mwenyewe, hapana wa kulirekebisha.

Wahenga walisema: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mtumishi wa umma anayeandika, "Jalada lako lilipotea mikononi mwetu, umepata hasara, nasi tutakujibu ifikapo Jumatatu," amelitaja kosa, amemtaja mkosaji, na amejifunga kwa siku maalumu. Hatua tatu hizo hazihitaji fedha za bajeti. Zinahitaji ukweli tu, na kila ofisi, iwe ya wilaya au ya mwalimu mkuu, inaweza kuanza nazo leo.