Mapenzi ya Kutu

Wako wazee, na siku hizi hata vijana, ambao wakiingia katika banda la nyuma ya nyumba na kuokota hendeli ya gari la kale hushusha pumzi kama waliokutana na ndugu aliyepotea baharini. Huipangusa vumbi, huigeuzageuza mkononi, kisha husema, "Zamani magari yalikuwa magari." Maneno hayo husemwa kila mahali wala hayapingwi, kwa kuwa aghalabu asemaye ni mzee, na kuipinga huzuni ya mtu huonekana kuwa ni utovu wa adabu. Mimi nataka kuyapinga. Nami nakuomba wewe msomaji, uliye bado shuleni, unisikilize kabla hujaambukizwa huzuni hiyo ya kuazima.

Tuitazame kwanza hendeli yenyewe. Ni chuma kilichopindwa mara mbili, ambacho ncha yake ilipitishwa katika tundu chini ya pua ya gari mpaka ikashikana na mhimili wa injini. Dereva aliivuta kwenda juu kwa nguvu zake zote ili injini iwake. Alifunzwa kuweka kidole gumba upande mmoja na vidole vingine, asikizungushie hendeli, kwa maana injini ikipiga kabla ya wakati wake hendeli ilirudi nyuma kwa ghafula na kuvunja gumba au kifundo cha mkono. Ndiyo sababu Charles Kettering alipobuni mtambo wa umeme wa kuwashia injini, na kampuni ya Cadillac ya Marekani ikautia katika magari yake ya mwaka 1912, hakuna aliyekaa matanga. Ni kweli kwamba hendeli iliendelea kuchukuliwa garini kwa miaka mingi baadaye, hasa katika Land Rover, gari lililoanza kuuzwa mwaka 1948, ili imwokoe dereva ambaye betri yake imekufa mbali na watu. Msaada huo naukubali. Lakini mkongojo nao humsaidia aliyevunjika mguu, wala hakuna amwombeaye mwanawe mkongojo.

Mzee ataongeza kwamba hata harufu ya petroli ya zamani ilikuwa nyingine. Naam, ilikuwa nyingine. Mwaka 1921 Thomas Midgley, akifanya kazi katika maabara ya General Motors, aligundua kwamba petroli ikitiwa madini ya risasi injini haigongi. Moshi wake ukasambaza sumu ile mijini kote, nayo hudhuru hasa ubongo wa watoto. Kenya iliacha kuuza petroli hiyo mwaka 2006. Na Algeria, iliyokuwa ya mwisho duniani, iliiacha mwaka 2021. Tena, mkanda wa usalama uliotengenezwa na Nils Bohlin wa kampuni ya Volvo mwaka 1959 haukuwamo katika mengi ya magari hayo yanayoimbwa sifa.

Hapo utatajiwa mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953, na gari la Peugeot 404 lililoshinda mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Hayo ni kweli, na gari lile lastahili heshima yake. Walakini muulize mtajaji ni magari mangapi yaliyomaliza safari mwaka 1963. Yalianza 84, yakamaliza 7. Mtu akumbukaye washindi peke yao huona kwamba kila chombo cha zamani kilidumu, kwa sababu vile visivyodumu havimo bandani mwake. Vilitupwa zamani za kale, na hakuna anayevililia.

Je, mzee huyu hana haki hata kidogo? Anayo, nami sitaki kumdhulumu. Katika injini ya zamani mtu aliweza kuona kwa macho kila jambo lililotendeka. Ndani ya gari la Volkswagen, lile lenye mgongo wa mviringo, palikuwa na ncha mbili za chuma zilizokutana na kuachana ili cheche ya umeme itoke. Zilipoachana, nafasi baina yao ilitakiwa iwe milimita 0.4. Nafasi ikiharibika, gari lilikohoa na kukataa mlima. Fundi aliifungua kwa bisibisi, akapenyeza ubapa wa chuma wenye unene huo, akakaza, akaondoka. Mtoto aliyesimama kando yake akimshikia taa alijifunza somo la umeme bila ubao wala chaki. Magari ya leo yamefichiwa akili zao katika kompyuta, na wapo watengenezaji ambao hawapendi mtu mwingine aingize mkono humo. Jambo hilo liliwachukiza watu wa jimbo la Massachusetts, Marekani, hata mwaka 2012 wakapiga kura na kupitisha sheria ya kuwalazimisha watengenezaji wawape mafundi wa nje habari za kurekebishia magari. Hawakukaa bandani kupapasa hendeli. Walitambua kwamba kilichokuwa kikipotea ni haki ya kufungua na kuelewa, nayo haimo katika kutu.

Sasa nasema lile linalonikera kuliko yote. Nenda katika gereji yoyote ya jua kali uone wanagenzi watatu wakingojeana spana moja. Kisha nenda nyuma ya nyumba ya yule anayeomboleza zamani. Utakuta sanduku limefungwa kwa kufuli, na ndani yake spana, tupa, koleo na jeki vinaliwa na unyevu. Mwanawe hakufundishwa hata kubadili plagi, maana akigusa chombo hukaripiwa, "Acha, hivyo ni vya kumbukumbu!" Mapenzi gani hayo ya ufundi yamnyimayo fundi chombo? Ni uchoyo uliovishwa kanzu ya huzuni. Na wale wengine wanaobeba sanduku zima na kulipeleka kwa mnunuzi wa chuma chakavu, bila hata kulifungua, hawana heri ya kuwazidi.

Kwa hiyo likizo ijayo, kama katika mji wenu lipo banda la namna hiyo, mwombe babu au mjomba wako kwa adabu afungue kufuli, kisha mvichambue vyombo pamoja naye. Mwulize kila kimoja kilifanya kazi gani. Kile kibomba cha kioo cha kupimia maji ya betri bado kina kazi palipo na betri ya vifuniko vya kufunguliwa, kwa kuwa asidi haikubadili tabia yake: betri iliyojaa huonyesha 1.26 au zaidi kidogo, na ikishuka karibu na 1.12 imekwisha nguvu. Spana zilizoandikwa kwa vipimo vya Whitworth zitengeni peke yake. Vipimo hivyo ni vya Joseph Whitworth, Mwingereza aliyevitunga mwaka 1841, navyo havilingani na nati za gari la Kijapani. Atakayelazimisha ataviringa pembe za nati na kumwachia mwenzake taabu. Bali yule mwenye kutunza mtambo wa zamani wa Kiingereza atazitafuta kwa tochi mchana. Kile kishada cha bapa nyembamba za chuma kipelekeni kwa mwenye kinu cha kusagia mahindi kiendeshwacho kwa dizeli, kwa sababu vali za injini yake zahitaji kupimwa nafasi leo kama zilivyohitaji miaka sitini iliyopita. Hendeli, ikiwa hakuna Land Rover ya kale kijijini, iuzwe kwa kilo, na fedha zake zinunue tupa mpya.