Ndege Rahisi: Rahisi kwa Nani?

Katika mwaka mmoja nimesafiri mara mbili kwenda bara kwa ndege za nauli nafuu, hizi ambazo sisi watu wa Mombasa tumezoea kuziita ndege rahisi. Safari ya kwanza ilikuwa ya arusi, Kitale. Ya pili ilikuwa ya mazishi, Bungoma. Arusini nilifika siku moja kabla, nikala pilau na kumshika bwana arusi mkono. Mazishini nilifika usiku, watu wamekwisha tawanyika, na asubuhi yake nikapelekwa kuonyeshwa kaburi. Ndege zilikuwa za namna moja, njia ni ile ile, na abiria ni mimi yule yule. Kilichobadilika ni nini? Hilo ndilo ninalotaka kulizungumza leo, kwa kuwa naona wengi wetu tunapanda ndege hizi pasi na kujua tunachokinunua.

Kwanza tuelewe asili yake. Biashara hii si ngeni duniani. Huko Marekani shirika la Southwest lilianza kurusha ndege zake Texas mwaka 1971. Mwingereza Freddie Laker alianza safari za bei ya chini kati ya London na New York mwaka 1977, na shirika lake likafilisika mwaka 1982. Mwaka huo huo wa 1977 ndipo lilipovunjika shirika letu la East African Airways, na Kenya Airways ikaundwa. Siku zile ndege kwetu ilikuwa chombo cha waziri, tajiri na mtalii. Wengine wote tulikuwa watu wa basi na gari la moshi. Mambo yakaja kubadilika pole pole. Fly540 ilianza Kenya mwaka 2006. Fastjet ilianza Dar es Salaam Novemba 2012, ikasita Tanzania mwaka 2018. Na Aprili 2014 ikaja Jambojet, mtoto wa Kenya Airways, ikianza na safari za Mombasa, Kisumu na Eldoret. Hapo ndipo mama muuza kanga na kijana fundi wa simu walipoanza kupanda ndege bila ya kuuza ng'ombe.

Siri ya urahisi huo ni nini? Ni hesabu tu. Ndege iliyo chini haichumi. Kwa hiyo ndege hizi hushusha watu, zikapakia wengine na kuruka tena baada ya kama nusu saa, mara nyingi kwa siku. Shirika hupenda kuwa na ndege za aina moja, ili rubani na fundi wawe wa aina moja na vipuri viwe vya aina moja. Jambojet, kwa mfano, imejengeka juu ya ndege za rafadha aina ya Dash 8-400, zenye viti 78. Kisha safari yenyewe hufumuliwa kama kanzu kwa fundi: kiti mbali, begi mbali, chakula mbali, kuchagua mahali pa kukaa mbali. Kila kipande kina bei yake. Nauli unayoitangaziwa ni ya kiti peke yake. Mwenye kununua kiti akadhani amenunua safari, ndiye anayerudi nyumbani akinung'unika.

Bei ya kiti nayo haikai mahali pamoja. Viti vya mwanzo huuzwa kwa bei ya chini, na kadiri vinavyojaa na siku inavyokaribia, bei hupanda. Watu wawili waliokaa bega kwa bega huenda mmoja amelipa mara mbili ya mwenziwe.

Sasa narudi Kitale. Arusi ile ya binti wa shangazi yangu tuliijua miezi mitatu kabla. Nikanunua tiketi mapema, kwa bei ambayo haikuzidi sana ile ya basi zuri. Nilipanda Mombasa hadi Nairobi, nikangoja saa nne, nikapanda nyingine hadi Eldoret, kisha matatu ya kilomita kama 70 mpaka Kitale. Alhamdulillahi, sina la kulalamika, ila moja: mizani.

Ndugu msomaji, sisi watu wa pwani hatwendi kwa jamaa mikono mitupu. Mke wangu alifunga halua, mabuyu, achari ya maembe, kanga doti sita na kofia mbili za mkono. Ndani ya ndege mtu huruhusiwa begi dogo tu, na kilo saba ndicho kipimo cha kawaida. Zaidi ya hapo ni begi la kulipiwa, na mwenye kulilipia wakati wa kununua tiketi hulipa kidogo kuliko mwenye kukamatwa nalo kiwanjani. Mimi nilikamatwa nalo. Achari nayo, kwa kuwa ni ya majimaji, ilibidi iingie katika begi la chini. Niliporejea, jamaa wa Kitale wakanipa gunia dogo la mahindi na jogoo hai. Jogoo alibaki, na nadhani mpaka leo ananicheka. Basi tusiuache mwendo wetu wa zawadi kwa ajili ya mizani. Tulipie begi mapema, na tuwaambie wenzetu wa bara nao watupe kinachobebeka. Zawadi ni moyo, wala haihesabiwi kwa kilo.

Liko na jambo la Idi. Tiketi ya bei nafuu hutaka tarehe, na tarehe yetu iko mikononi mwa mwezi. Mtu ananunua tiketi ya kurudi nyumbani siku anayodhani ni ya ishirini na tisa, akidhani mwezi utaandama jioni ile, kumbe funga zitimie thelathini. Kubadili tarehe hulipiwa, na juu yake hulipwa tofauti ya bei mpya, ambayo wakati wa Idi iko juu. Ushauri wangu ni kuacha nafasi ya siku mbili, moja kabla na moja baada. Ni aheri kufungua saumu ya mwisho kwa shangazi kuliko kusali Idi kiwanjani.

Lakini jambo kubwa ni mauti, nayo haina miadi.

Shangazi yangu mwenyewe, mama yake yule binti, alikuwa akikaa Bungoma tangu ujana wake. Habari ya kifo chake ilinifikia baada ya sala ya isha. Mazishi yaliwekwa kesho yake baada ya laasiri, na sisi Waislamu twajua kwamba maiti hacheleweshwi kumngojea mtu. Kwa basi nisingefika, kwani kutoka Mombasa hadi Bungoma ni kuvuka Kenya nzima, karibu mpaka wa Uganda. Nikaiangalia ile ile ndege rahisi. Bei ilikuwa mara tatu ya niliyolipa kwenda arusini, na ndege ya alfajiri ilikuwa imejaa. Nikapata ya saa nne asubuhi hadi Nairobi, na tiketi ya pili, ya shirika jingine, kutoka Nairobi hadi Eldoret.

Ndege ya kwanza ilichelewa saa moja na nusu. Nilipofika Nairobi nikakimbia hadi kaunta ya shirika la pili, nikakuta imefungwa. Kijana aliyekuwapo hakuwa mkorofi. Aliniambia, "Shikamoo mzee. Pole sana kwa msiba. Lakini tiketi yako ile na hii yetu hazijuani." Nikamwuliza, "Mwanangu, na mimi je, hunijui?" Akainamisha uso. Nikanunua tiketi ya tatu, ya jioni. Kutoka Eldoret hadi Bungoma ni kama kilomita 100 za barabara, nami nilizipita gizani nikijua kwamba shangazi amekwisha lazwa.

Nimekaa na uchungu huo, nikautafakari. Sikuibiwa. Masharti yote yalikuwamo katika tiketi: kwamba shirika halibebi dhamana ya safari inayofuata, kwamba kaunta hufungwa kabla ndege haijaruka, kwamba fedha hazirudi. Yaliandikwa kwa Kiingereza, kwa herufi kama mbegu za ufuta, nami nikatia alama ya kukubali bila ya kusoma. Kosa langu nalikubali. Lakini nimejifunza jambo ambalo sijaliona likisemwa: ndege rahisi ni rahisi kwa mwenye arusi, na ghali kwa mwenye msiba. Humpunguzia anayeijua siku yake, na kumwongezea yule ambaye siku imemjia ghafula. Na mwenye msiba ndiye mwenye haja zaidi.

Basi nina maneno kwa pande mbili.

Kwa mashirika, natoa rai mbili. Ya kwanza, masharti yaandikwe kwa Kiswahili pia, na bei itajwe nzima mwanzoni, pamoja na begi na kodi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na kifungu chake cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika na anachokinunua. Wanazuoni wetu nao wamefundisha tangu zamani kwamba mauzo yasiwe na giza ndani yake: muuzaji aeleze, mnunuzi aelewe. Ya pili, kila ndege itengewe viti viwili tu vya wafiwa, kwa bei ya kawaida, kwa mwenye kuonyesha ushahidi wa msiba. Viti viwili katika 78 havitamfilisi mtu, na dua ya mfiwa ni faida.

Kwetu sisi, tujifunze kusafiri upya. Mwenye jambo la kumbana asinunue tiketi mbili zisizojuana, ila akiwa na nafasi ya saa nyingi katikati. Achague ndege ya kwanza ya asubuhi, kwani ndege ikichelewa mara moja, kuchelewa huko hurithiwa siku nzima. Aangalie jina la kiwanja: Nairobi kuna Jomo Kenyatta na kuna Wilson, na ndege ndogo za bara, kama zile za Kitale, zimezoea kuruka kutoka Wilson. Mtu aweza kushuka huku na safari yake iko kule, na msongamano wa magari uko katikati. Na kila ukoo uliotawanyika, kama wetu, uweke mfuko mdogo wa mazishi, kila mtu shilingi zake kila mwezi, ili usiku wa msiba mtu asikae akihesabu bei badala ya kusoma Yasini.

Katika karne ya 19 misafara ya wazee wetu wa pwani ilikuwa ikichukua miezi kufika Mumias, karibu na Bungoma hiyo hiyo, na Uislamu ukaota mizizi kule kwa miguu yao. Aliyefiwa pwani alipata habari msimu mwingine, akasoma hitima, akashukuru. Sisi tumepewa mbawa. Mbawa hizo zimetufanya tuamini kwamba tutafika daima, na ndiyo maana kutofika kunatuuma kuliko kulivyowauma wao.

Nitapanda tena ndege rahisi, inshallah. Arobaini ya shangazi imekaribia, na safari hii siku naijua. Tiketi nimekwisha kuikata, na begi nimelilipia.