Viazi bila udongo: Hesabu ambayo mwenye ploti Lukenya haelezwi

KWA mkazi wa Lukenya, Machakos, ambako mvua ni haba, kilimo cha viazi bila udongo chaweza kuonekana kuwa suluhisho. Hata hivyo, katika kituo cha utafiti cha Tigoni, Limuru, mbinu hiyo imetumiwa kuzalisha mbegu, wala si viazi vya sokoni.

Mizizi huning'inia gizani ikinyunyiziwa ukungu wa maji yenye virutubisho. Mche mmoja huweza kutoa viazi vidogo zaidi ya 30, visivyo na ugonjwa wa mnyauko unaoenezwa kwa udongo. Umeme ukikatika kwa saa chache, mizizi hukauka.

Mbegu safi ina bei. Kiazi cha chipsi hakiwezi kulipia pampu na jenereta. Wanaowauzia wenye ploti mitambo hiyo wanapaswa kulisema hilo kabla ya kupokea malipo.